Ubao Usiopakwa Rangi
Boti ya marehemu baba ilikuwa Karema, mimi niko Magamba. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, niliamua kuiuza.

Dalali alinielekeza: "Mdogo wangu, kausha maji, sugua matope, ondoa nyavu kuukuu, paka rangi. Mteja hununua kwa macho." Nikakubali. Usafi si uongo. Hata bibi harusi hupambwa.

Tukafika kwenye ubao mmoja karibu na mkuku. Kidole changu kikazama.

"Shindilia pamba, piga rangi," akasema. "Asipouliza, hujamdanganya."

Nilisimama na brashi mkononi. Kizuri chajiuza, tunasema. Lakini ziwa lile lina kina cha mita 1,470. Swali ambalo mnunuzi hakuuliza mchana, maji yatamuuliza usiku, akiwa na vijana wake ndani. Mpaka nikauona hapo: pambo huonyesha kilichopo, uongo huficha kitakachomzamisha mwenzako.

Ubao ule sikuupaka rangi. Nikauchora chaki. Bei ikashuka, na kilichopungua kilikuwa ada ya mdogo wangu. Bado kinaniuma. Sijawahi kutamani kukirudisha kwa rangi.