Herufi Saba Ubaoni

Andika MWALIMU ubaoni kwa herufi kubwa, mpe kila mtu karatasi na kalamu, kisha waambie watafute maneno yanayoweza kuundwa kwa herufi zilizomo humo. Masharti ni mawili. Hakuna kuleta herufi kutoka nje, na hakuna kuitumia herufi mara nyingi kuliko ilivyoandikwa. Palipo na A moja, ni moja. Ukikosa ubao, kijiti na mchanga vinatosha.

Mchezo huu nimeupenda tangu utotoni, ila sababu ya kuupenda imebadilika. Zamani nilipenda kushinda. Siku hizi ninachokithamini zaidi ni jinsi unavyowaweka watu wote kwenye mstari mmoja kabla hawajaanza. Kwenye karata, mmoja atapewa mkono mzuri na jirani yake atabaki na garasa tupu. Atacheza kwa akili zake zote na bado atafungwa. Hapa hakuna bahati ya mgao. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mbeba zege wanatazama herufi zilezile saba. Hakuna aliyefichiwa moja wala aliyeongezewa. Katika maisha ya kawaida ni nadra sana kuona watu wakigawiwa sawa namna hii, nami naona watoto wanastahili kuuonja usawa huo mapema, wajue kwamba unawezekana.

Kisha kimya kinaingia, na kazi inaanza.

Sisi tumefundishwa kusoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Hata michezo ya maneno ya pwani ilifuata silabi. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, aliandika habari za kinyume, ule usemi wa mafumbo ambao silabi ya mwisho ya neno huhamishwa ikawekwa mwanzo. Kwa hiyo sikio letu likisikia mwalimu husikia vipande vitatu, mwa na li na mu, na mchezaji mgeni huanza kwa kuvihamisha vipande hivyo vikiwa vizima. Atapata mwali. Akishaandika mwali atakaa, atauma kalamu, atasema neno hili limekwisha, tafadhali tupe jingine.

Halijakwisha. Inabidi aivunje mwa, aitoe M peke yake, W peke yake na A peke yake, aache kuisikia sauti aliyoizoea. Hapo ndipo mlango unafunguka. Chukua herufi nne tu kati ya hizo saba: M, A, L, I. Mali. Zigeuze: mila. Tena: lima. Tena: lami. Tena: imla. Maneno matano kamili, kila moja limetumia herufi zilezile nne bila kubakiza hata moja. Ongeza U upate limau. Badala ya U rudisha ile M ya pili, na sasa una mlima. Wali umo, na wima, na mua pamoja na wingi wake, miwa. Umia imo, na lia. Umma imo, maana M zipo mbili. Na walimu wenyewe wamo ndani ya mwalimu mmoja, ukiondoa M moja tu.

Anayejua Kiswahili kinavyojengwa ataona kwamba mtaji mkubwa hapa ni irabu. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na neno hili lina irabu tatu tu: A, I na U. Ukitaka neno lenye irabu nne, hutalipata, hata ukeshe. M ya mlima inatusaidia kidogo kwa sababu inasimama kama silabi bila kuhitaji irabu. Zaidi ya hapo, kila irabu ni ya kuitumia kwa hesabu, kama maji ya dumu la mwisho nyumbani.

Ndiyo maana kuna neno ambalo mtoto hulipaza kwa furaha kila mara na kila mara hukataliwa: mama. M mbili zipo, anasema. Ni kweli zipo. Lakini A ni moja. Wengi hulalamika, na wengine hujaribu kuliandika kimyakimya wakitumaini hakuna atakayehesabu. Mimi nalichukua jambo hili kwa uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Hakuna askari katika mchezo huu. Orodha yako unaiandika mwenyewe ukiwa umeinama, na hata ikisomwa kwa sauti, neno tamu kama mama linaweza kupita bila mtu kulikagua. Mtoto anayelifuta mwenyewe baada ya kuhesabu amefanya jambo ambalo mtu mzima mwenye funguo za ghala au kitabu cha risiti anatakiwa kulifanya kila siku akiwa peke yake. Ukiona mtoto amelifuta, msifu mbele ya wenzake, tena msifu zaidi ya aliyepata maneno mengi.

Kuna kishawishi kingine, nacho huwapata wakubwa kuliko watoto. Ni kutafuta ujumbe. Hapa Tanzania ukisema Mwalimu bila kutaja jina, watu wanajua unamtaja Julius Nyerere, na siku umma inapochomoza kutoka katika herufi hizo kuna mtu atapiga meza na kusema: mnaona? Naielewa furaha hiyo. Lakini andika MAENDELEO halafu utazame. Neema imo, herufi kwa herufi. Leo imo, lea imo, ndoa imo, dola imo. Lemea imo pia, na mende yumo. Kama neema ni ishara, basi na mende ni ishara, na hapo tutabishana mpaka usiku. Mali na mila hazikukutana kwa sababu zina undugu wa maana. Zimekutana kwa sababu Kiswahili kinatumia herufi chache na kinazipanga kwa utaratibu, kwa hiyo maneno mafupi hayana budi kugongana.

Hata wataalamu wakubwa wamewahi kunaswa. Mwaka 1610 Galileo alikuwa ameona kupitia darubini yake jambo la ajabu kwenye sayari ya Zohali. Hakutaka mtu amtangulie kulitangaza, wala hakutaka kulitangaza kabla ya kuwa na hakika, kwa hiyo aliivuruga sentensi ya Kilatini na kusambaza herufi zake zikiwa zimechanganywa. Zikamfikia Johannes Kepler. Kepler akazipanga na kuzipangua mpaka akapata sentensi ya kuwasalimu wenza wawili wa sayari ya Mirihi, maana mwenyewe alikuwa akiamini kwamba Mirihi ina miezi miwili. Galileo hakuwa amesema lolote kuhusu Mirihi. Alisema ameiona sayari ya juu kabisa, yaani Zohali, ikiwa na sehemu tatu. Miezi miwili ya Mirihi ipo kweli, ilikuja kuonekana mwaka 1877, lakini haikuwa ndani ya barua ile. Herufi zilimpa Kepler kile alichokuwa akikitamani.

Nimesema mgao wa mchezo huu ni wa haki. Haki hiyo inatokana na jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau: neno lililoandikwa ubaoni ni letu. Linganisha na Scrabble, mchezo wa kupanga maneno kwa vigae vya herufi. Aliyeubuni ni Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930. Alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ili ajue kila moja iwekwe mara ngapi, na mwaka 1948 mchezo wake ukapewa jina hilo unalojulikana nalo mpaka leo. Alihesabu kwa makini sana, ila alihesabu Kiingereza. Katika vigae 100 vya seti ya Kiingereza, E ziko 12, A ziko 9, na K ni moja tu, tena imepewa pointi 5 kwa kuwa ni adimu. Sasa jaribu kuandika kuku. Jaribu kaka, kiko, kikombe. Huwezi, mpaka uokolewe na kigae kitupu. Nimewaona watu wenye Kiswahili cha kupendeza wakicheza kwa seti hiyo, wakajiona hawana msamiati. Si kweli kwamba hawana. Wamegawiwa herufi zilizohesabiwa kwenye magazeti ya wengine. Nimelitaja hili kwa sababu hutokea mbali na meza ya mchezo pia: mtoto hupimwa kwa kipimo kilichotengenezwa bila yeye kufikiriwa, kisha huambiwa ni mzito wa kuelewa.

Na hata kwa neno letu wenyewe, haki inaweza kupotea mwishoni, orodha zinaposomwa na mtu akasema: hakuna neno kama hilo.

Mambo mengine ni ya makubaliano tu na yamalizwe mapema. Herufi mbili zinaruhusiwa? Bora zianzie tatu, la sivyo kila mtu atajaza karatasi kwa wa na la. Vitenzi je? Viingie kama kamusi zetu zinavyoviorodhesha, bila ku- na bila viambishi vya nafsi na wakati. Ukiruhusu viambishi, Kiswahili kitakupa maneno hata wino uishe. Hayo hayana ugomvi. Ugomvi uko kwa mtoto aliyeandika liwa, na mwamuzi akamjibu kwamba hilo si neno, ni kitenzi cha kula kilichoharibiwa. Lakini bibi wa mtoto huyo husaga liwa juu ya jiwe kwa maji kidogo na kujipaka, na harufu yake mtoto anaijua kuliko anavyoijua harufu ya kitabu. Mwingine ameandika ila, na mwenzake anasema ila ni kiunganishi, wakati aliyeandika amekulia kwa wazee wasemao kizuri hakikosi ila. Weka MATOKEO ubaoni, neno linaloficha jiko zima ndani yake, maana moto umo, meko yamo, na mkate umo. Halafu mtoto wa Lamu aandike mato. Mwalimu aliyetoka bara atalikata kwa wino mwekundu. Mato ni macho. Ndivyo wasemavyo watu wa Lamu na Mombasa, na ndivyo washairi wao walivyoandika zamani sana kabla kamati yoyote haijakaa kusanifisha lugha.

Siipuuzi kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015 ni kazi za jasho, na mabishano mengi huisha vizuri pale mtu anapofungua ukurasa. Ila mwamuzi mwema hafungui kamusi kwanza. Kwanza anamgeukia mtoto na kumuuliza: lina maana gani, na nani hulisema? Akijibu vizuri, neno lake lihesabiwe, na mwamuzi aliandike pembeni akaliulize baadaye. Anayedanganya hujulikana upesi, kwa sababu maana ya kubuni haina bibi wala jiko wala mahali. Aliyekatwa neno la kwao mbele ya darasa haumii kwa sababu ya alama moja. Anachojifunza ni kwamba nyumbani kwao hawajui kusema, na somo hilo halifutiki kirahisi.

Kuna kanuni nyingine inayotumika sehemu nyingi, nami naipinga waziwazi. Ni ile inayosema neno lililopatikana na zaidi ya mtu mmoja lifutwe kwa wote, wabaki na yale ya peke yao. Naijua sababu yake. Inachochea watu kutafuta mbali. Lakini itazame inavyofanya kazi moyoni. Mtoto ameona mali, lima na wali, maneno ya kila siku, kisha anaketi akiomba jirani yake asiyaone. Neno linalojulikana na wote linageuka kuwa hasara. Tunamfundisha kufurahia ujinga wa mwenzake, tena katika kitu kama lugha, ambacho thamani yake yote ni kwamba tunakijua pamoja. Neno la wote lipewe alama yake. Neno adimu liongezewe, kama mnataka, hilo halimnyang'anyi mtu.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuachana na bingwa mara mojamoja na kutengeneza orodha moja ya chumba kizima. Kila mtu anasoma neno moja, linaandikwa ubaoni, zamu inaenda kwa anayefuata, mpaka watu waishiwe. Wa kwanza humaliza mali na lima. Wa katikati huleta lami na wima. Mtoto mnyamavu wa nyuma, ambaye orodha yake ina maneno manne tu, anasimama na kusema imla, na walioandika ishirini wanageuka kumtazama kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyeliona. Mwingine anasema liwa, wenzake wanauliza liwa ni nini, naye anaanza kueleza jiwe lilivyo, maji kiasi gani, na kwa nini siku ya harusi nyumba nzima hunukia.