Chipukizi ni Mali ya Nani?

Kwenye ligi za besiboli za kuigiza kuna aina moja ya mchezaji ambaye unaweza kummiliki lakini huwezi kumchezesha. Ana miaka 18 au 19. Yuko kwenye ligi ndogo huko Marekani, anasafiri kwa basi usiku kucha kutoka mji hadi mji, na hajui kwamba mahali fulani kuna mtu ameandika jina lake kwenye orodha na kusema: huyu ni wangu. Anaitwa chipukizi. Swali langu ni rahisi kuuliza na gumu kujibu. Ukishasema kijana ni wako kwa sababu ya kile atakachokuwa kesho, unamdai nini? Na yeye anakudai nini?

Wacha nieleze mchezo kwanza, maana wengi wetu tunajua FPL tu. Kwa FPL, msimu ukiisha kila kitu kinafutwa, na Haaland anaweza kuwa kwenye timu yako, ya jirani yako na ya mjomba wako Eldoret kwa wakati mmoja. Ligi ya kuhifadhi wachezaji ni stori tofauti. Mchezaji mmoja, timu moja. Msimu ukiisha unabaki na wachezaji wako, unawabeba mwaka ujao na mwingine tena. Mechi zenyewe zinachezwa kwa kadi na dadu, au na kompyuta. Strat-O-Matic, mchezo ulioanzishwa na Hal Richman mwaka wa 1961, unampa kila mchezaji kadi inayotokana na takwimu zake za msimu uliopita. Unarusha dadu, unasoma kadi, unajua kama amepiga mpira au amekosa. Siku hizi programu inakurushia hizo dadu.

Sasa, kijana wa ligi ndogo hana kadi. Hajacheza ligi kuu, kwa hivyo hakuna takwimu za kuitengeneza. Unamchukua kwenye drafti, unamweka kando, unangoja. Pengine mwaka mmoja, pengine sita. Mtu yeyote aliyewahi kungoja kitambulisho ataielewa hali hiyo bila maelezo zaidi.

Haya mambo niliyajua kupitia kazi. Tangu niache chuo nimekuwa nikiandika mtandaoni kwa malipo, na mteja mmoja alitaka mwongozo wa kuanzisha ligi ya namna hii: timu ngapi, kila timu ihifadhi wachezaji wangapi, machipukizi wangapi, drafti iendeshweje. Nilidhani ni kazi ya hesabu. Kumbe ni kazi ya kuandika katiba, na katiba haiandikwi bila kuamua nani ana haki gani.

Chukua sheria ndogo tu ya kuuziana nafasi za drafti. Timu yako inakaribia ubingwa mwaka huu, kwa hivyo unampa mwenzako nafasi zako za kuchagua machipukizi miaka miwili ijayo, naye anakupa mrushaji hodari leo. Unashinda. Mwaka unaofuata unaondoka kwenye ligi, na timu uliyoiacha haina vijana, haina nafasi, haina chochote. Anayeirithi analipia sherehe ambayo hakualikwa. Tunasema ahadi ni deni, lakini hapa anayeahidi ni mmoja na anayelipa ni mwingine. Ndiyo maana ligi nyingi huweka sharti: ukiuza nafasi ya mwaka ujao, lipa ada ya mwaka ujao sasa hivi. Sisi tuliozaliwa katika nchi yenye madeni tunajua kwa nini hilo sharti si dogo.

Lakini sheria iliyonikalia kichwani zaidi ni ya machipukizi. Unaruhusiwa kumshikilia mtu muda gani kabla ya kumtumia?

Kuna jibu la haraka: boss, huo ni mchezo. Yule kijana hajui kama upo, ukimshikilia miaka kumi hapungukiwi na kitu. Kweli kabisa. Ila mchezo huu unaiga kitu fulani, na hicho kitu kina historia. Mfumo wa ligi ndogo, ambapo timu kubwa inamiliki timu ndogo za kukuzia vijana, ulijengwa na Branch Rickey akiwa St. Louis Cardinals kwenye miaka ya 1920. Wamarekani wenyewe wanauita shamba. Na shambani, mmea hauulizwi unataka kuvunwa na nani.

Kwa miongo mingi mchezaji akishasaini na timu alikuwa wa timu hiyo hadi imuuze au imfukuze, hata mkataba wake ukiisha. Mwaka wa 1969 Curt Flood, aliyekuwa ameichezea Cardinals miaka 12, aliuzwa Philadelphia, akakataa kwenda. Alimwandikia mkuu wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa. Mwaka wa 1972 alishindwa kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani. Ni mwaka wa 1975 ndipo msuluhishi mmoja, katika kesi ya wachezaji wengine, alipoamua kwamba mkataba ukiisha umeisha, na mchezaji yuko huru. Flood alikuwa ameshamaliza kucheza.

Ukifikiri hayo yaliishia huko, angalia Kris Bryant. Mapema mwaka wa 2015, kwenye mechi za maandalizi, alipiga mipira tisa nje ya uwanja, zaidi ya mtu mwingine yeyote. Chicago Cubs wakamrudisha ligi ndogo, wakisema anahitaji kuboresha ulinzi wake. Akakaa huko siku chache, kisha Aprili 17 akaitwa. Hesabu iko hivi: mchezaji anakuwa huru baada ya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na mwaka mmoja ni siku 172. Kwa kumchelewesha siku hizo chache, timu ilipata mwaka mzima zaidi wa kumshikilia. Bryant alilalamika rasmi, na mwaka wa 2020 akashindwa.

Hapo ndipo naona neno chipukizi linafanya kazi gani. Si sifa tu. Ni njia ya kummiliki mtu kabla hujaanza kumlipa anachostahili. Unamwambia una kipaji, una mustakabali, bado kidogo tu, na hiyo bado kidogo ndiyo kamba. Hadi mwaka wa 2023, mchezaji wa Triple-A, ngazi moja tu chini ya ligi kuu, alikuwa na mshahara wa chini wa dola 17,500 kwa mwaka. Walipoungana na kupata mkataba wao wa kwanza wa pamoja mwaka huo, kiwango kikapanda hadi dola 35,800. Pesa zilikuwapo. Mchezo ulikuwa uleule na mabasi yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba vijana waliacha kudai kesho wakadai leo.

Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa. Kwenye shamba la Rickey mvumilivu ni mmoja, na mlaji ni mwingine.

Najua unachofikiria, maana hata mimi nimekifikiria. Tumeitwa viongozi wa kesho tangu shule ya msingi. Tumefanya kazi za bure kwa jina la kupata uzoefu. Tumeambiwa tusubiri zamu yetu na watu ambao zamu yao haiishi. Ni rahisi kumalizia insha hapa, tukasirike pamoja, twende nyumbani. Lakini hiyo ni nusu tu ya ukweli, na nusu nyingine inanisumbua zaidi.

Nusu nyingine inaitwa Gift Ngoepe. Alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka wa 2008, akitokea Afrika Kusini, akiwa na miaka 18. Aliingia ligi kuu Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani humu kufika huko, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira na kufika kwenye kituo. Miaka tisa! Fikiria ungekuwa naye kwenye orodha yako ya machipukizi. Mwaka wa pili hana kadi. Mwaka wa tano hana kadi. Kuna wavulana wapya wa miaka 18 kwenye drafti, wenye kasi, wanaosifiwa na kila mtu. Ungemwacha, na kwa akili za kawaida hungekuwa umekosea. Sasa sema: aliyemngojea Ngoepe alikuwa akimshikilia, au akimwamini?

Kwa nje vitu hivi viwili vinafanana kabisa. Mlezi na mmiliki wote wanangoja. Wote wanasema bado kidogo. Wote wana jina lako kwenye orodha. Kwa hivyo kutoa amri kwamba hakuna kumngoja mtu si haki pia, maana watakaoumia kwanza ni wale wanaochelewa kuiva. Dunia isiyongoja ingemtupa Ngoepe mwaka wa tatu.

Nadhani tofauti iko kwenye jambo moja: anayekungoja anatoa nini? Besiboli yenyewe ina kanuni inayokaribia jibu. Ukisaini kijana na miaka minne au mitano ipite, kutegemea umri aliosaini nao, kisha usimpe nafasi kwenye orodha ya wachezaji 40 wa timu kubwa, timu nyingine inaweza kumchukua. Lakini nayo haiwezi kumficha: lazima imweke kwenye kikosi cha ligi kuu msimu mzima, la sivyo imrudishe. Novemba 1954, kwa kanuni ya aina hiyo, Pittsburgh walimchukua kijana wa Puerto Rico ambaye Brooklyn Dodgers walikuwa wamemweka ligi ndogo bila kumchezesha sana. Walilipa dola 4,000. Jina lake Roberto Clemente. Alimaliza na mapigo 3,000, akafa Desemba 31, 1972, ndege yake ilipoanguka akipeleka msaada kwa walioathiriwa na tetemeko la ardhi Nicaragua.

Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba haikatazi kungoja. Inakataza kungoja bure. Ukitaka kuendelea kuwa naye, mpe nafasi, na hiyo nafasi ikugharimu, maana kuna mtu mwingine ungempa.

Basi mwongozo niliomwandikia yule mteja ulisema hivi. Timu 12. Kila timu ihifadhi machipukizi wasiozidi kumi. Miaka mitatu ya kwanza, kumshikilia kijana ni bure. Kuanzia mwaka wa nne, kila chipukizi unayetaka kubaki naye anakula nafasi moja ya mchezaji wa kikosi kamili, awe na kadi au hana. Ukiona hastahili hiyo nafasi, mwachilie, mwingine amjaribu. Anayemwamini Ngoepe wake atamngoja hadi mwaka wa tisa, na atalipia imani hiyo kila msimu. Anayemshikilia tu ili wengine wasimpate atachoka haraka.

Mteja alisema ni kali kidogo, wenye timu watalalamika. Nilimwambia walalamike. Hao ndio wenye timu.

Na nje ya mchezo sina kanuni ya kukupa. Ila mtu akikuita wa kesho, muulize ni kesho ya tarehe gani, na leo analipa nini ili aendelee kukungoja.