Upepo Ambao Haukuja

Ndugu zangu wa Milola hapa Lindi, acheni kusema walitudanganya!

Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutangazia: kimbunga Kenneth kinakuja, Lindi na Mtwara mjihadhari. Jirani yangu akapandisha magunia ya mtama darini, akafunga mabati kwa kamba ya katani, akakesha na wanawe. Tarehe 25 kimbunga kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kikaua watu. Kwetu kukacha shwari. Aliyashusha magunia yake kwa hasira, na tangu siku hiyo redio ikitaja hali ya hewa, anaizima.

Jirani, nakusihi, iwashe!

Wale wataalamu wa hali ya hewa hawajapewa kuiona kesho. Huigawa anga vipande vipande ndani ya kompyuta, wakaingiza joto, mgandamizo na upepo uliopimwa leo, kisha wakaiacha iende. Na kwa kuwa vipimo havikosi kasoro, huvigeuza kidogo, wakaanza upya. Kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya hurudia hivyo mara 51. Anga 51! Inayokuja ni moja, nayo huenda isifanane sawasawa na yoyote kati ya hizo. Je, ni uongo? Hasha! Kila moja hutii kanuni zilezile zinazoendesha upepo huu unaotupiga usoni. Kimbunga kikipita juu ya Lindi katika anga kumi kati ya hizo, Lindi imo hatarini kweli, hata kama upepo utapinda usiku.

Watu wa Ninawi walionywa na Nabii Yunus, ambaye wengine humwita Yona, wakatubu, na adhabu haikuwashukia. Sisemi kwamba magunia yako yaligeuza upepo. Nauliza: nani atathubutu kuliita onyo lile uongo?

Nawe mama unayepanda kavu kabla ya mvua, mbona hubakiza mbegu kibuyuni? Umeiona moyoni mvua inayokatika, mvua ambayo haijawa na pengine haitakuwa, ukaiheshimu.

Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga. Tangazo lijalo likisomwa, pandisha magunia! Mfuate bibi anayekaa bondeni, umlaze kwako. Na kukicha shwari, yashushe bila kinyongo, mpe bibi uji, na redio uiache iendelee kusema.