Sifa ya Mmoja na Haki ya Mwenziwe

Kupenda ni hiari ya moyo. Hapana sheria iwezayo kumlazimisha mtu ampende asiyempenda, wala hapana hakimu awezaye kumhukumu mtu kwa kumpenda mmoja kuliko mwingine. Lakini pendo likiisha kutoka moyoni na kuingia katika maneno na matendo, huwa limevuka mpaka na kuingia katika milki ya watu wengine, na huko lina adabu yake. Swali la insha hii ni dogo kwa kulitazama, bali ni zito kwa kulipima: mtu ampendaye mwigizaji mmoja ana wajibu gani kwa mwigizaji wa pili asimamaye karibu na kipenzi chake? Je, sifa ya mmoja haiwezi kupanda ila kwa kushushwa sifa ya mwenziwe?

Swali hili laonekana wazi katika tamthilia za televisheni za Asia, na hasa za China, ambako washabiki wamejipanga kama majeshi. Aghalabu tamthilia huwa na waigizaji wakuu wawili. Wako washabiki wampendao wa kwanza peke yake. Wako wampendao wa pili peke yake. Na wako wawapendao wote wawili kama jozi isiyotenganishwa. Kundi la kwanza na la pili hutukanana, kisha yote mawili hulichukia la tatu, kwa kuwa ladai kwamba kipenzi chao hakikamiliki pasipo mwenziwe. Wachina wenyewe wamewapa washabiki waliokithiri wa mwigizaji mmoja jina ambalo ndani yake mna neno la sumu. Jina hilo halikutungwa na wageni wasioyajua mambo. Limetungwa na watu waishio na jambo lenyewe na kuionja sumu yake.

Kitu cha kwanza kugombewa ni jina. Orodha ya waigizaji huwatenga watajwao kuwa viongozi wa mchezo na watajwao kuwa waigizaji wakuu tu, kisha hufuata wenye heshima ya ugeni. Washabiki hupima nani katangulia, jina la nani limeandikwa juu kidogo, nani kawekwa katikati ya picha ya tangazo, na nani kapewa dakika nyingi zaidi mbele ya kamera. Watayarishaji, kwa kuiogopa fitina, mara nyingine huyapanga majina kwa hesabu ya mikato ya kalamu iliyomo katika herufi ya ukoo, au kwa utaratibu wa kutokea mchezoni. Hila hii si ya China peke yake. Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1974, iitwayo The Towering Inferno, jina la Steve McQueen liliwekwa kushoto lakini chini kidogo, na la Paul Newman kulia lakini juu kidogo. Aanzaye kusoma kutoka kushoto humwona McQueen kuwa wa kwanza. Aanzaye kutoka juu humwona Newman. Wino ulipatanishwa, kama mioyo ilipatana ni jambo jingine.

Je, nafasi hiyo igombewayo ni kitu chenyewe au ni kivuli cha kitu? Japani yatoa mfano wa kufaa. Katika enzi ya Edo, nje ya nyumba za mchezo wa Kabuki zilitundikwa mbao zenye majina ya waigizaji. Ubao wa kwanza ulikuwa wa mkuu wa mchezo. Wa pili, wa kijana mzuri achezaye sehemu za mapenzi. Wa tatu, wa mchekeshaji. Hata leo, katika lugha ya Kijapani, neno lenye maana ya ubao wa pili ndilo jina la mwanamume mzuri wa sura, na la ubao wa tatu ndilo jina la mtu wa kuchekesha. Kwa hiyo upili haukumdhili mtu: ulimpa sifa iliyodumu kuliko mbao zenyewe. Tena katika tamthilia za televisheni za nchi hiyo, mwisho wa orodha ni mahali pa heshima, wala si mkia wa aibu. Basi nafasi ni desturi ya mahali, na desturi hubadilika kwa kuvuka bahari. Juhudi ya mwigizaji, uaminifu wake kwa kazi, na uwezo wake wa kumtoa mtu chozi havibadiliki kwa kuhamishwa jina lake.

Hata hivyo, si haki kuwacheka washabiki kana kwamba wanagombea upepo. Nafasi ya jina huandikwa katika mkataba, na mkataba hufuatwa na ujira. Mwigizaji aliyetajwa kuwa kiongozi mwaka huu huweza kudai kazi bora mwaka ujao; aliyesukumwa chini bila ya sababu huweza kubaki chini kwa muda mrefu. Ikiwa mtu ameahidiwa mahali fulani, akafanya kazi ya mahali hapo, kisha akanyang'anywa kwa sababu ya nguvu au fedha ya mwingine, mshabiki asemaye kwamba hiyo ni dhuluma asema kweli, na kimya chake kingekuwa kushiriki katika dhuluma. Lakini lazima itazamwe mshtakiwa ni nani. Ahadi ilitolewa na kampuni, na aliyeivunja ni kampuni. Mwigizaji mwenzi aliyesimama mahali alipoambiwa asimame hana hatia. Kumtukana huyo ni kumwacha mdeni na kumkamata jirani wa mdeni kwa kuwa nyumba yake i karibu.

Mfano ulio mashuhuri ni wa tamthilia iitwayo The Untamed, yenye sehemu 50, iliyoonyeshwa China katika mwaka 2019. Xiao Zhan alikuwa Wei Wuxian, mtu wa maneno mengi, mzaha mwingi, na moyo usiojua kujihifadhi. Wang Yibo alikuwa Lan Wangji, mtu wa maneno machache, aliyelelewa katika sheria nyingi, ambaye pendo na huzuni yake huonekana machoni kabla ya kusikika kinywani. Wei Wuxian aliaminiwa kuwa amekufa. Baada ya miaka 16 akarudi, na aliyemtambua na kumwamini alikuwa yule mnyamavu. Hadithi nzima yategemea usahibu wa watu hawa wawili.

Sasa na aulizwe mshabiki: kati yao nani alikuwa wa kwanza? Akijibu kwamba ni msemaji, na amwondoe mnyamavu katika hadithi. Mara msemaji atageuka mpayukaji, kwa kuwa hapana sikio linaloyapa maneno yake uzito. Akijibu kwamba ni mnyamavu, na amwondoe msemaji. Mara ukimya utakuwa ububu, kwa kuwa hapana neno ambalo ukimya huo ni jibu lake. Kazi ya kuigiza si kutoa tu. Ni kupokea pia. Yule aliaye mbele ya kamera hupewa nusu ya kilio chake na yule amtazamaye. Mkono mmoja haulei mwana, na uso mmoja hauchezi mazungumzo. Kwa hiyo mtu amdharauye mwigizaji wa pili ameidharau nusu ya kile alichokipenda kwa wa kwanza, ingawa hana habari.

Kilichotokea baada ya tamthilia hiyo chaonyesha mahali pendo lisilo na adabu liwezapo kufika. Mwezi Februari 2020 ilitolewa mtandaoni hadithi ya kubuni iliyowachukua waigizaji wenyewe wawili, wala si wahusika wao, ikawafanya wapenzi, na ikamchora Xiao Zhan kwa namna iliyowaudhi baadhi ya washabiki wake. Waliiona kuwa ni tusi, na kuudhika kwao kwaweza kufahamika, maana jina la mtu aliye hai si mali ya kila mwenye kalamu. Lakini hawakutosheka kumjibu mwandishi wala kumtaka aiondoe hadithi yake. Tarehe 27 Februari walihimizana kupeleka mashtaka kwa wenye mamlaka. Siku mbili baadaye, tarehe 29, maktaba ya mtandaoni iitwayo Archive of Our Own, iliyotunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 2019, ilikuwa haifunguki tena nchini China. Waandishi na wasomaji wengi wasiokuwa na ugomvi na mtu yeyote walikuta mlango umefungwa.

Hasira nayo huzaa hasira. Waliopoteza maktaba yao waliwalaumu wapeleka mashtaka, kisha, kwa kuwa hawakuweza kumshika kila mmoja wao, wakamshika waliyempenda. Walisusa bidhaa zilizotangazwa na Xiao Zhan, wakazishusha alama za kazi zake, ijapokuwa kazi hizo zilikuwa jasho la watu wengi. Ofisi yake ikaomba radhi. Desturi ya dunia ni kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi ndizo zilizopigana, na tembo akaumia. Mtu aliyedhaniwa kuwa anatetewa alilipishwa gharama ya utetezi ambao hapana ushahidi kwamba aliuomba.

Katika habari hii zimo haki tatu zilizosahauliwa. Ya kwanza ni haki ya mwigizaji apendwaye: kutofanywa bendera ya vita asivyovitangaza. Ya pili ni haki ya mwenziwe: kuhukumiwa kwa kazi yake, wala si kwa umbali au ukaribu wake na kipenzi cha mtu. Ya tatu ni haki ya mtu wa tatu, msomaji au mtazamaji asiye na upande: kutofungiwa mlango kwa ugomvi usiomhusu. Pendo lizikanyagalo haki tatu ili litukuze jina moja limekwisha kuacha kuwa pendo. Limekuwa majivuno. Mwenye majivuno husema "wangu ni bora", na mkazo wa sauti yake huanguka juu ya neno wangu.

Yamkini mtu akapinga kwa methali ya wahenga kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Atasema kuwa mashindano ni tabia ya viumbe, na kwamba bila ya mashindano ubora hulala. Methali ni kweli, lakini yasema habari za zizi, na zizi ni mahali pa kula na kulala. Shambani mambo ni mengine: huko fahali wawili hufungwa nira moja, na mmoja akivuta peke yake mtaro hupinda. Jukwaa ni shamba, si zizi. Mashindano ya waigizaji kuhusu nani atacheza vizuri zaidi humnufaisha kila mtazamaji, maana uzuri wa mmoja humwamsha mwenziwe. Mashindano ya washabiki kuhusu nani atatukanwa zaidi hayamnufaishi mtu. Na chema chajiuza, kibaya chajitembeza: mwigizaji aliye hodari hahitaji mwenziwe apakwe matope ili yeye aonekane safi.

Tena si vema kuwalaumu washabiki peke yao na kuwasahau wauzaji. Pendo la watu likiwekwa katika orodha, likahesabiwa kila siku, na juu ya hesabu hiyo yakajengwa matangazo na biashara, ni ajabu gani watu wakigombea kupanda ngazi waliyowekewa? Serikali ya China iliona hivyo. Mapema Agosti 2021 mtandao wa Weibo uliiondoa orodha yake ya nguvu za watu mashuhuri, na tarehe 27 ya mwezi uo huo idara isimamiayo mambo ya mtandao ilitangaza hatua kumi, mojawapo ikiwa ni kufutwa kwa orodha za kuwapanga watu mashuhuri kwa madaraja. Kuondoa ngazi kuna faida yake. Lakini amri huondoa ngazi tu; haiondoi tamaa ya kupanda. Wala si salama sana kwa washabiki kuzoea kwamba kila ugomvi wao uamuliwe na mkono wa dola, maana mkono uufungao mlango wa adui leo hauhitaji ruhusa yao kuufunga wa kwao kesho.

Watazamaji wa Kiswahili nao wanalo fungu katika mazingatio haya. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilianza kuonyesha, kwa sauti ya Kiswahili, tamthilia ya China juu ya Mao Doudou na mama wakwe zake. Uso ulikuwa wa mwigizaji Hai Qing. Maneno yalikuwa ya msemaji mwingine ambaye uso wake haukuonekana. Kicheko cha mtazamaji wa Dar es Salaam kilikuwa haki ya nani kati ya hao wawili? Uso bila ya sauti usingefahamika. Sauti bila ya uso isingekuwa na mwenyewe. Mtazamaji alipokea furaha yake nzima bila ya kuipasua vipande, na hakupungukiwa kitu. Hapo alikuwa karibu na ukweli wa sanaa kuliko yule apimaye urefu wa majina kwa rula.

Mizani ya jambo hili haiko mbali. Mshabiki na ajiulize: kipenzi changu akimsifu mwenziwe, je, nafurahi au naumia? Akifurahi, anampenda mtu yule. Akiumia, anapenda ushindi, na mtu yule ni chombo tu cha kuutafutia. Sifa si mkate, hata kipande apewacho mmoja kiwe kimepungua kwa mwingine. Sifa ni moto wa taa: taa moja huwasha ya pili, na nyumba yazidi kuwa na nuru.