Jina Lililonunuliwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, jijini Roma, msichana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kulipwa kwa uigizaji alikusanya fedha zake akazipeleka kwa baba yake mzazi. Hazikuwa zawadi wala matunzo ya mzee. Alikwenda kununua kitu. Alichonunua ni jina la ukoo, Scicolone, kwa ajili ya mdogo wake Maria, ambaye baba huyohuyo alikuwa amekataa kumkubali kuwa mwanawe. Baba akapokea fedha, jina likatoka, na Maria akawa mtoto wa mtu.

Msichana aliyelipa ndiye Sophia Loren. Kwa miaka 70 na zaidi watu wameandika juu ya macho yake, kiuno chake, mwendo wake, nguo alizovaa na wanaume waliompenda. Sikatai uzuri wake. Kila mwenye macho aliuona. Lakini ukitaka kumjua mtu, tazama fedha yake ya kwanza imekwenda wapi. Wapo wanaonunua viatu, wapo wanaonunua sifa. Huyu alimnunulia mdogo wake baba.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani, nasi methali hiyo tumezoea kuisema juu ya watu ambao tayari wana jina. Tunasahau kwamba ili jina ling'are, lazima kwanza mtu awe nalo. Na jina la kwanza mtu halichumi mwenyewe, hupewa na waliomleta duniani. Akinyimwa, huanza safari akiwa nyuma ya wenzake, na wala hajui kosa lake.

Italia ya wakati ule haikuwa na huruma kwa mtoto wa nje ya ndoa. Katika hati za serikali, mahali pa jina la baba asiyejulikana paliandikwa herufi mbili, N.N., kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana kwamba jina halijulikani. Herufi hizo zilimfuata mtoto shuleni na kazini, zikamtangulia hata siku ya kuposa. Sheria ya kuziondoa kwenye hati ilikuja mwaka 1955, na usawa kamili wa watoto wote mbele ya sheria Waitalia waliungoja hadi mwaka 2012.

Mama yao, Romilda Villani, alikuwa mpiga piano kutoka Pozzuoli, mji mdogo wa bahari jirani na Napoli. Alifanana mno na Greta Garbo, nyota wa Uswidi aliyekuwa akitamba duniani, hata akashinda shindano la kumtafuta anayefanana naye. Zawadi ilikuwa safari ya Hollywood. Mama yake akamkatalia. Romilda akaishia Roma, akakutana na Riccardo Scicolone, akashika mimba. Tarehe 20 Septemba 1934 akazaliwa Sofia. Riccardo alikubali kumwandikisha kwa jina lake, ila kumwoa mama yake hakukubali. Mwaka 1938 alipozaliwa Maria, hata hilo jina alilizuia.

Romilda akarudi kwa wazazi wake Pozzuoli, watu wengi katika nyumba ndogo, na ndiko wasichana walikolelewa na bibi yao Luisa. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kazi yote waliifanya wanawake wawili hao. Sofia alikuwa mwembamba mpaka watoto wenzake wakampa jina la utani, Stuzzicadenti, yaani kijiti cha kuchokolea meno. Sofia alimwona baba yake kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka mitano. Safari hiyo alimletea kigari cha kuchezea cha rangi ya samawati, ubavuni kimeandikwa jina lake la nyumbani, Lella. Kila nikikifikiria kigari hicho naumia. Mwanamume aliyeweza kuandikisha jina la binti yake kwenye kigari cha kuchezea hakuweza kuliandikisha la yule mwingine kwenye cheti.

Kisha vita. Pozzuoli palikuwa na kiwanda cha silaha, na ndege zilipashambulia usiku baada ya usiku. Familia ililala ndani ya handaki la reli na kutoka kabla treni ya alfajiri haijapita. Siku moja Sofia akikimbilia huko alipigwa na kipande cha bomu kidevuni. Njaa nayo ilikuwa kali. Vita vilipokwisha, bibi Luisa aligeuza sebule kuwa baa ya kuwauzia askari wa Kimarekani pombe tamu aliyoitengeneza nyumbani. Romilda akipiga piano, Maria akiimba, Sofia akihudumia meza na kuosha vyombo.

Alipofika miaka 15 Napoli ilitangaza shindano la urembo. Hakuwa na gauni. Bibi akashusha pazia la waridi la dirishani, akakata, akashona. Viatu vyeusi vilivyochakaa vikapakwa rangi nyeupe. Sofia akaingia miongoni mwa washindi, na katika zawadi alizopewa kulikuwa na tikiti ya treni ya kwenda Roma. Mama na binti wakapanda treni. Ile safari ambayo Romilda alikatazwa akiwa kijana, sasa aliifanya kwa miguu ya mwanawe. Walianza na kazi za kujaza umati katika filamu ya Quo Vadis, iliyotoka mwaka 1951, wawili hao wakiwa ni vichwa tu kati ya maelfu.

Majina yake mwenyewe yalibadilika kadiri kazi ilivyopanda. Katika majarida ya hadithi za picha alipewa jina Sofia Lazzaro, kwa maana kwamba uzuri wake ungefufua maiti kama Lazaro. Halafu mtayarishaji Goffredo Lombardo, akitaka jina litakaloingia masikioni mwa watu wa nje, aliligeuza la mwigizaji wa Uswidi, Märta Torén, akabadili herufi ya mwanzo, na Sofia akaandikwa Sophia Loren. Basi jina linalojulikana dunia nzima lilitungwa ofisini na mfanyabiashara. Lile la Scicolone, alilolipia kwa ajili ya Maria, yeye mwenyewe hakulihitaji tena kazini. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Alilinunua kwa sababu mdogo wake alikuwa akiona haya mbele ya watu.

Waigizaji wengi hupewa sura nzuri na kuombwa wasifanye zaidi. Mwongozaji Vittorio De Sica, ambaye naye alikuwa na mizizi Napoli, aliona kitu kingine ndani yake. Mwaka 1954 alimpa nafasi ya muuza piza katika L'oro di Napoli, akamruhusu aongee na kutembea kama wanawake wa kwao. Hollywood ikamwita baadaye, akafanya kazi na kina Cary Grant na Clark Gable, akalipwa vizuri. Hata hivyo kazi iliyomtukuza ilimrudisha nyumbani, kwenye vita alivyovijua.

Filamu hiyo ni La ciociara ya mwaka 1960, inayomhusu mama mjane anayekimbia mabomu ya Roma na binti yake. Mpango wa kwanza ulikuwa Anna Magnani acheze mama na Sophia acheze binti. Magnani akakataa. Nafasi ya mama akapewa Sophia, mwenye miaka 25 tu. Alivua mapambo yote. Alivaa nguo za kuchakaa, akabeba mzigo kichwani, akalia katikati ya barabara ya vumbi baada ya yeye na mwanawe kunajisiwa na askari kanisani. Alisema kwamba alimkumbuka mama yake alivyokuwa wakati wa vita. Uchungu wa mwana aujua mzazi, lakini huyu binti alikuwa ameutazama uchungu huo kwa karibu mno, akaukariri. Mwaka 1962 akapata Oscar, mtu wa kwanza kuipata kwa uigizaji wa lugha isiyo Kiingereza. Hakwenda kuipokea. Aliogopa angezimia, akabaki Roma, na habari alipewa kwa simu na Cary Grant.

Miaka miwili baadaye De Sica alimpa kazi nyingine, Matrimonio all'italiana, iliyotokana na tamthilia ya Eduardo De Filippo. Mwanamke aitwaye Filumena, aliyewahi kuwa kahaba, ana wana watatu. Anamtaka mwanamume aliyeishi naye miaka mingi amwoe na kuwapa wanawe jina. Anamwambia mmoja kati ya watatu ni wake. Mwanamume anabembeleza, anatisha, anachunguza nani anapenda kuimba na nani anapenda wanawake, apate kujua damu yake ni ipi. Filumena hasemi. Anajua akimtaja mmoja, wawili watakuwa yatima nyumbani mwao wenyewe. Niliitazama filamu hiyo nikijua habari za Maria, nikaona kwamba Sophia hakuwa akiigiza mtu wa kubuni. Alikuwa akisema kwa niaba ya mama yake maneno ambayo mama yake hakupata nafasi ya kuyasema.

Sitamfanya malaika. Carlo Ponti, mtayarishaji aliyemzidi miaka 22, alikuwa na mke na watoto walipopendana. Italia haikuwa na talaka hadi mwaka 1970, kwa hiyo ndoa yao iliyofungwa Mexico mwaka 1957, mawakili wakisimama badala yao, ilihesabiwa nyumbani kuwa kosa la jinai. Walishutumiwa hadharani, wakashitakiwa, ndoa ikabatilishwa mwaka 1962. Mwishowe wote watatu, pamoja na mke wa kwanza, walichukua uraia wa Ufaransa ili talaka ipatikane, na wapenzi wakaoana tena huko mwaka 1966. Anayetaka kumlaumu ana pa kushika. Mimi naona pia mtoto wa Romilda aliyekula kiapo moyoni kwamba wanawe hawatazaliwa bila jina. Mimba mbili ziliharibika kabla hajampata Carlo mdogo mwaka 1968, na Edoardo mwaka 1973. Ponti aliishi naye hadi alipofariki mwaka 2007.

Jina lake liliwahi kutiwa doa pia. Alihukumiwa kwa mambo ya kodi. Angeweza kukaa nje ya Italia asiguswe. Mwaka 1982 alirudi kwa hiari yake na kulala gerezani Caserta siku 17. Katika shauri lingine la kodi, lililohusu mapato ya mwaka 1974, mahakama ya juu ilimpa haki mwaka 2013, karibu miaka 40 baadaye.

Na Maria? Mwaka 1962, msichana aliyeanza maisha bila jina la baba aliolewa na Romano Mussolini, mpiga piano wa jazi, mwana wa yule dikteta Benito. Majeshi ya Benito yaliwamwagia Waethiopia gesi ya sumu mwaka 1935 na 1936, na vita alivyoviingiza Italia ndivyo vilivyoleta mabomu juu ya handaki la Pozzuoli. Romano hakuchagua kuzaliwa na mtu huyo, kama Maria asivyochagua kuzaliwa na Riccardo. Mmoja alinyimwa jina, mwingine alipewa jina ambalo dunia isingemruhusu kulisahau.

Sophia alionana na baba yake mara chache sana: akiwa na miaka mitano, akiwa na 17, na mwaka 1976 mzee akiwa kitandani anakata roho. Alikwenda. Alisema amemsamehe, lakini jinsi alivyomtelekeza mama yake hakuisahau. Nimeyatafakari maneno hayo muda mrefu. Tumezoea kuwaambia watoto waliotupwa, "Msamehe, ni baba yako," tukitaka wasahau upesi ili sisi tupumzike. Kusamehe aliweza. Kusahau hakuwa na ruhusa ya kufanya hivyo, kwa sababu deni lilikuwa la Romilda.

Mwaka 2020, akiwa na miaka 86, alionekana katika filamu ya La vita davanti a sé, iliyoongozwa na mwanawe Edoardo. Anacheza bibi Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, anayelea watoto wa makahaba mjini Bari. Mmoja wao ni mvulana yatima kutoka Senegal, mwizi, mkaidi, asiyetakiwa na mtu. Bibi anamchukua. Sura ile iliyopamba majarida ya dunia sasa ina mikunjo, nywele zimefunguka na kuwa nyeupe, na mwanamke huyo anamshika mtoto asiye wake kama bibi Luisa alivyowashika yeye na Maria.

Wewe baba unayesoma haya, kama kuna mahali una mtoto ambaye cheti chake kina nafasi tupu pale jina lako lilipotakiwa kuandikwa, usimngoje apate fedha za kulinunua. Nenda ofisi ya usajili wiki hii, ukaliandikishe.