Shahidi Aliye Sahanini
Zebaki ikiingia majini, bakteria huigeuza kuwa sumu inayopanda kutoka kiumbe kidogo hadi kikubwa kinachokila; ndiyo maana samaki mkubwa, mzee, ndiye shahidi bora. Jimbo la New York hupima minofu yake, kisha huwashauri walaji: wanawake walio chini ya miaka 50 na watoto chini ya 15 huonywa zaidi. Kuuficha ushauri huo kungekuwa dhuluma. Lakini mzigo umehamia wapi? Mama aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, leo mkazi wa East Side ya Buffalo, ndiye anayeambiwa ahesabu vitoweo vyake. Aliyechoma makaa ya mawe, moshi wake ukashusha zebaki ziwani, hatajwi katika karatasi hiyo. Na kwa desturi ya mama huyo, samaki mkubwa ni wa mgeni.