Tusi Halina Daraja



Sheria ya 12 ya mpira wa miguu haibagui: anayepinga uamuzi kwa maneno huoneshwa kadi ya njano, anayetukana hutolewa kwa nyekundu. Tarehe 15 Februari 2025, Jude Bellingham wa Real Madrid alitolewa hivyo dhidi ya Osasuna. Alidai alikuwa akijisemea mwenyewe kwa Kiingereza. Refa Mhispania aliandika kwamba maneno yale yalimlenga yeye. Akafungiwa mechi 2.

Huku kwetu, kuanzia Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, hadi viwanja vya Kanengo, wachezaji wana Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kilingala na Kichewa. Tusi laweza kumpita refa asilielewe. Na hata akilielewa, utasikia watu wakisema: "Mwache, hii ni mechi ya mchangani tu."

Hapo ndipo sikubaliani. Refa ni kama kadhi: huhukumu kwa dhahiri, na hawezi kuadhibu asichokielewa. Lakini akielewa akanyamaza, amemdhulumu aliyetukanwa. Heshima ya mtu haipungui kwa kuwa uwanja hauna nyasi. Tena pembeni ya uwanja huo ndipo wadogo zetu wanapojifunza maneno.

Na lugha asiyoijua refa, sisi tunaijua. Basi nahodha amkanye mwenzake kabla ya kadi. Suratu Qaf, aya ya 18, inatukumbusha kuwa kila neno tunalotamka lina mwangalizi aliye tayari. Huyo hahitaji mkalimani.

Wallahu a'lam.